Lenzi ya Kumpigia Mama Picha

Mume wangu ni karani wa bili za maji, lakini mtaani hakuna anayemwita Karani. Wanamwita Lenzi. Walimpa jina hilo kwa utani, naye akalipokea kama cheo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapo sebuleni, na jina la utani sina. Labda Mvumilivu, ila hilo nimejipa mwenyewe.

Mambo yalianza na kamera moja tu. Nilifurahi nayo, sitasema uongo. Kumbe kamera ni kama harusi, ukishaingia ndipo unaonyeshwa gharama. Kamera ikataka mkoba. Mkoba ukaonekana mtupu, ikatafutwa lenzi ya pili ya kuujaza. Lenzi ikataka kioo cha kuikinga, ikaja flashi, ikaja stendi ya miguu mitatu. Stendi ikawa nzito, ikanunuliwa nyepesi, na ile nzito ikasemekana itauzwa. Mpaka leo iko nyuma ya mlango wa chumbani, naanikia soksi.

Na ujanja wake sasa! Lenzi zote ni nyeusi. Nikimuuliza, "Hii mpya, eti?" ananijibu bila kupepesa macho, "Hii? Mbona iko siku zote." Nitajuaje mimi? Wanangu nawajua hata kwa kikohozi, lakini yale madude yaliyopangwa kabatini siwezi kuyatofautisha. Kabati lenyewe lilikuwa la vyombo. Vyombo vyangu viko kwenye beseni chini ya meza, na mashine ya kufunga pindo niliyoahidiwa naiona kwa jirani tu.

Nilikwisha kuchoka kugomba. Mtu unagomba mwaka wa kwanza, wa pili unanuna, wa tatu unashona tu.

Kisha Mama yangu akaja kukaa nasi, kwa kuwa magoti yalimkataa na hakuweza tena kuishi peke yake. Naye alikuwa fundi. Cherehani alinifundisha yeye, na kwenye kidole gumba cha kulia alikuwa na kovu jeupe pale sindano ilipopita akinishonea sare yangu ya kwanza. Hakuwa mtu wa kuombaomba. Aliomba kitu kimoja.

"Nataka picha moja kubwa ya ukutani," alisema. "Si kama ile ya kitambulisho, mle nimetoka kama mwizi wa kuku. Picha ya maana, wajukuu wanijue sura nikishaondoka."

"Hilo tu, Mama?" nikacheka. "Una mkwe mwenye duka zima la kamera kabatini!"

Nikamshonea gauni la bluu lenye vifungo vyeupe. Akalivaa, akaketi karibu na dirisha, mikono magotini, amejinyoosha kama mwanafunzi. Lenzi akachungulia kwenye kamera, akasonya.

"Mwanga mkali, Mama. Utakunja uso."

Siku nyingine mwanga ukawa mdogo. Siku nyingine mwanga ulikuwa sawa kabisa, ila akasema lenzi ndiyo haifai, eti sura ya mtu ina lenzi yake, ameshaiagiza. Kila mara Mama alivaa lile gauni, na kila mara alilivua akalikunja yeye mwenyewe, maana alisema mimi nakunja ovyo.

"Si upige hivyo hivyo?" nikamwambia jikoni.

"Mama watoto, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Picha ya Mama haipigwi kienyeji," akanijibu, na macho yake yalikuwa ya mtu mkweli. Hapo ndipo penye balaa. Mume wangu alimpenda mama yangu. Angekuwa hamjali angempiga dakika ileile na mambo yakaisha.

Utaniuliza, simu je? Simu yangu ni kitochi, inapiga na kupokea. Na ndugu wenye simu za maana walipokuja, wote walisema neno moja: "Fundi yuko ndani kwako, sisi tupige za nini?"

Lenzi ya sura ikafika Jumamosi moja asubuhi. Bei sikuambiwa, ila mwezi ule hatukugusa nyama. Mume wangu aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Hii," akasema, "inakamata kile unacholenga tu. Kilicho nyuma kinayeyuka chote. Ndicho unacholipia."

Mama akasikia, akaanza kujiinua kwenda kuvaa gauni.

"Bado, Mama. Kwanza niijaribu."

Wenzake wa kikundi cha wapiga picha ndivyo wanavyofanya. Lenzi mpya haipigi mtu kabla ya kupiga gazeti. Unalitundika gazeti ukutani, unalipiga, kisha unakagua herufi pembe kwa pembe kama zote zinasomeka. Basi akatundika gazeti, upepo wa dirishani ukawa unalipeperusha. Akaona amwombe Mama alishike.

"Mama, nisaidie. Linyooshe mbele yako. Kichwa kishuke kidogo, kisizibe juu."

Na Mama, na gauni lake la nyumbani, akaketi palepale karibu na dirisha akalishika gazeti kwa mikono miwili. Nyuma ya gazeti nikamsikia akisema, "Mkwe wangu, hili gazeti limevaa nini hata linitangulie?"

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Lenzi naye alicheka, huku anabofya. Tulicheka wote watatu, na siku ile nilimsamehe mengi.

Jioni akagundua kona ya chini kushoto herufi zina ukungu. Kidogo tu, mimi sikuuona hata aliponiwekea kidole. Akairudisha lenzi dukani wambadilishie. "Subiri kidogo, Mama," akamwambia. "Ikija nzima, nakupiga siku hiyohiyo."

"Mimi nipo," Mama akasema.

Hakuwepo. Kabla lenzi haijarudi, nilimpelekea chai asubuhi moja nikamkuta amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, amepoa. Gauni la bluu lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Tukamzika nalo. Lenzi ya kubadilishiwa ilifika baada ya mazishi, na mume wangu hakuifungua.

Kwenye msiba watu waliulizia picha. Nyumbani kwa Lenzi, jamani, watu wanaulizia picha! Mwenye huruma akasema kinyozi hajinyoi. Shangazi yangu akasema yaliyopita si ndwele. Nikamwambia, "Shangazi, kwangu mimi ni ndwele, niache niugue."

Watu walipotawanyika, nikamwambia mume wangu afungue kompyuta. Nilitaka kuona vyote alivyowahi kupiga. Akaketi, nikasimama nyuma yake. Kunguru kwenye waya. Matone ya maji kwenye bomba. Tangi la jirani, asubuhi, mchana, jioni. Ukuta wetu wa matofali, kwa kila lenzi aliyowahi kununua. Pesa yetu yote ilipita pale mbele yangu, na hakuna sura ya mtu wa nyumba ile.

Kisha likaja gazeti.

"Hizi ni za majaribio," akasema, mkono ukikimbilia kuziruka. "Hazifai."

"Acha."

Gazeti lilikuwa wazi, herufi zinasomeka hadi nukta. Kila upande kidole gumba, na kile cha kulia kina kovu jeupe, safi, kama ningeweza kuligusa. Picha ikafuata picha, gazeti na vidole, gazeti na vidole. Katika moja tu Mama alikuwa amechoka kujificha, akainua kichwa juu ya ukingo kutuchungulia. Alikuwa anacheka, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu lenzi ilifanya ilicholipiwa. Ililenga gazeti, na kilicho nyuma kikayeyuka chote.

Mume wangu akajaribu kuisafisha, akavuta huku, akavuta kule, pumzi zinamtoka. Haikusafishika. Akaweka paji la uso juu ya meza akalia kwa sauti, na mimi nilikuwa nimechoka mno hata kumshika bega.

"Ichapishe," nikasema. "Kubwa. Ya ukutani."

"Mke wangu, watu watacheka."

"Ichapishe!"

Iko sebuleni, juu ya cherehani yangu. Alipoileta alianza kusema kuna kioo cha fremu kisichomeremeta, ni ghali kidogo lakini, kisha akanyamaza mwenyewe. Kabati nimerudishiwa. Kamera zimeingia sandukuni, na sandukuni sijui zitakaa mpaka lini, namjua.

Kitinda mimba wetu ameanza kuuliza. Jana alisimama juu ya kiti changu, pua karibu iguse kioo, baba yake akiwa mezani anakula.

"Mama, Bibi yuko wapi hapa?"

"Huyo hapo, nyuma ya gazeti."

"Mbona simwoni sura?"

"Lenzi ilikuwa nzuri sana, mwanangu," nikasema. "Muulize baba yako."

Mume wangu aliweka kijiko chini, na hakukishika tena.