Anayekalia Ndiye Anayechagua

Sindano alikuwa akisukuma mafuta ya taa kwa bomba la sindano, tone baada ya tone, kupitia kitundu cha plastiki ngumu aliyoibandika kwa grisi juu ya chemba ya mwisho, kishimo ambamo mafuta hulipukia. Chini ya plastiki ile kiputo kimoja cha hewa kilizungukazunguka kama mgeni asiyetaka kuaga. Akakiinamisha kichwa cha injini kidogo, kiputo kikateleza, kikatoka. Akasoma alama kwenye bomba.

"Sawasawa na nyingine zote," alisema.

"Umemchoma na hata hajalia," alisema mjomba wake, mkerezaji wa gereji, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mpe peremende basi."

Kazi hiyo ya bomba ndiyo iliyompa jina. Wengine walikagua chemba kwa macho wakaridhika. Yeye alizijaza moja moja, akapima zimemeza kiasi gani, na zilipopishana alizikwangua hadi zikalingana. Aliianza tabia hiyo utotoni, peke yake, bila kufundishwa na mtu, na baba yake hakuwahi kumsifu wala kumkataza.

Baba alikuwa ameketi mlangoni juu ya kiti cha gari kilichopigiliwa kwenye kreti. Ndicho kiti alichotolewa nacho bondeni siku mguu wake ulipovunjika, akiwa dereva wa mashindano ya mlimani. Wengine wangekichoma. Yeye alikifanya kiti cha enzi.

"Umekata shauri?" aliuliza.

"Nimechukua hivi vyembamba, Baba."

Juu ya meza palikuwa na jozi mbili za vichwa vipya, kwani vichwa vya asili vya gari lao la mashindano ya mlimani vilipasuka kwa joto. Jozi zote mbili hazikutoka kwa waliounda gari. Zilitoka kwa watu wanaotengeneza vya mashindano tu. Jozi ya kwanza ilikuwa na matundu mapana ya kuvutia hewa, ngumi ya mtoto ingepita. Ya pili matundu yake yalikuwa membamba, na kwa asiyejua yalionekana ya kinyonge. Lakini bana mpira wa maji kwa kidole gumba uone maji yanavyokimbia. Hewa nayo ni hivyohivyo. Tundu pana hulipa injini ikishapiga kelele juu kabisa, kwenye barabara iliyonyooka, na barabara ya mlimani haina hata kipande kilichonyooka cha kukaushia shati. Ni kona juu ya kona, na kila kona unaanza upya kutoka chini.

Baba aliitikia kwa kichwa. "Vifunge."

Neno hilo lilimshuka Sindano kama maji baridi kooni. Si kwa sababu ya vichwa. Ni kwa sababu ya kanuni.

Gereji ile ilikuwa na kanuni moja, na aliyeiweka ni Baba mwenyewe: anayekalia ndiye anayechagua. Atakayekalia usukani ndiye anayechagua vichwa, na wakati anachagua hakuna mtu wa kufungua kinywa. "Dereva anayeendeshea kichwa cha mwenzake," Baba alizoea kusema, "ana kisingizio kabla hajawasha gari." Kwa hiyo siku Baba alipozipanga jozi mbili mezani na kumwambia binti yake, "Chagua," Sindano hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu miguu yake ilipofika kwenye klachi. Alilipeleka gari kwenye majaribio mara zote, akalirudisha zima mara zote, na kila mara Baba aliangalia magurudumu, siyo uso wake.

Yeye na mjomba wakalaza gasketi, wakaweka vichwa, kimoja kila upande wa injini. Bolti ya kwanza aliikaza Sindano kwa mkono wake, kama ilivyo desturi ya aliyechagua. Wakamaliza mzunguko wa kwanza wa kukaza, wakafuatisha wa pili. Mjomba alianza kupiga mluzi. Ndipo gari likatikisika, na ndani yake kitu kikalia kra! kra!

Sindano alichungulia kupitia kioo. Mdogo wake, waliyemwita Kishindo kwa vile hajui kufunga mlango taratibu, alikuwa amekaa kwenye usukani akikisukuma kiti nyuma. Miguu yake ilikuwa mirefu.

"Dada, hiki kiti ulikiweka kwa ajili ya nani, kuku?"

"Toka humo," alisema Sindano bila kupaza sauti. "Tunafunga injini."

"Mwache azoee," alisema Baba.

Mluzi wa mjomba ukakatika.

"Azoee nini, Baba?"

"Kiti. Mdogo wako ndiye atakayekalia."

Sindano aliiweka spana chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Nimechagua mimi."

"Umechagua kwa sababu unajua kuchagua. Kila mtu na kazi yake. Wewe una mikono, yeye ana jina langu." Baba alisema hayo kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai. "Watu watakuja kumwona mwanangu wa kiume akipanda mlima ulionishinda. Hawatakuja kumwona mwanamke. Kesho ukiolewa, ushindi wangu utauweka kwenye sebule ya nani?"

"Shemeji, hilo ungemwambia kabla hajafunga," alisema mjomba.

"Ningemwambia kabla, angepima kwa moyo huo? Mchuzi haupikwi na asiyetarajia kula."

Aliicheka methali yake mwenyewe aliyoitunga papo hapo. Kishindo naye akacheka, siyo kwa ubaya, alicheka kama anavyocheka mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu. "Usinune, Dada. Utanishikia chupa ya maji pale mwanzo. Watu watakuona pia."

Sindano alimtazama Baba. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Hata sasa alikuwa akijiuliza kama labda amesikia vibaya, kama yule mtu kwenye kreti si mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akijikuna goti.

"Sawa," alisema. "Basi achague."

"Achague nini?"

"Vichwa. Anayekalia ndiye anayechagua."

Baba alifungua kinywa. Sindano akangoja, kwa adabu zote. Kinywa kile kikafungwa tena. Kanuni ni yake, na mjomba alikuwa shahidi.

Kishindo alitoka garini akaubamiza mlango. Akaenda mezani, akavitazama vichwa vipana vilivyobaki, kisha akainama kuvitazama vile vyembamba vilivyofungwa. Akatia ngumi kwenye tundu pana, nusu ikaingia.

"Hivi!" alisema. "Hivi ndivyo vichwa. Vile vingine ni pua zenye mafua. Injini itapumuaje?"

Mjomba alikohoa. Sindano alimtupia jicho, mjomba akatia ulimi puani. Wakati dereva anachagua, hakuna mtu wa kufungua kinywa.

"Una hakika?" Sindano alimuuliza mdogo wake, kwa sauti laini kama ya muuguzi.

"Hata mtoto anaona."

"Mlimani, kwenye zile kona?"

"Kona zitanijua mimi ni nani."

Sindano akamgeukia Baba. "Baba, umemsikia?"

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa kreti. Kila kona ya mlima ule aliijua kwa mfupa wa mguu wake. Alijua gari lenye vichwa vile litakohoa kama mzee kwenye kila kona, na watu waliokuja kumwona mwanawe wa kiume wataangua kicheko kabla hajafika katikati. Neno moja tu lingetosha: *hajui*. Lakini hilo lilikuwa na pacha wake: *anayejua ni dada yake*.

"Amechagua," alisema Baba.

Sindano akachukua spana. Akaanza kulegeza bolti alizokuwa amezikaza, kwa mpangilio, kutoka nje kuja ndani, asije akapinda kitu. Kichwa cha kushoto kilipong'oka, gasketi ilikuwa imeshachorwa alama. Gasketi ikishabanwa hairudi ilivyokuwa. Aliiviringisha akaitia kwenye pipa la takataka.

Kishindo aliondoka kwenda kuwaambia marafiki. Mjomba akaosha mikono, akamgusa mpwa wake begani, akaenda zake bila mzaha wowote. Jua lilikuwa limefika kwenye matofali ya ukuta wa nyuma. Baba alibaki.

"Ungemwambia," alisema hatimaye.

"Anapochagua mtu hatusemi."

"Utamwaibisha mdogo wako mbele ya dunia."

"Si mimi. Ni kichwa chake."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Baba alinguruma.

Sindano aliutazama mguu wa baba yake, ule ulionyooshwa mbele usiokunjika. Aliutazama kwa kitambo kirefu kuliko inavyofaa kwa mtoto aliyelelewa vizuri. Mzee akauvuta nyuma kwa mikono miwili.

"Virudishe vyako," alisema sasa, kwa sauti ya chini, akiutazama mlango. "Virudishe usiku huu. Matundu hayaonekani bomba la hewa likishafungwa juu yake. Hatajua."

"Nitavirudisha, Baba."

Bega la mzee likashuka.

"Nikikalia mimi," alisema Sindano.

Nje pikipiki ilipita, mlio wake ukapotea. Baba alikitazama kiti cha dereva kupitia mlango wa gari, kiti kilichosukumwa nyuma hadi mwisho wa reli yake.

"Hapana," alisema.

"Basi kesho nafunga vyake. Na bolti ya kwanza ataikaza yeye, mbele yako."

Alifunika mashimo ya silinda kwa kitambaa safi vumbi lisiingie. Kichwa cha kushoto kilikuwa mezani, cha kulia bado kiko juu, bolti zake zimelegezwa nusu. Mwanga ulikuwa haumtoshi tena kuona bolti vizuri, na kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Akanawa mikono, akavuta mlango wa bati hadi nusu, akamngoja baba yake ainuke mwenyewe kwenye kiti. Zamani alikuwa akimpa mkono.