Hatujambo, Ila Tunakohoa

Mtaani walimwita Bibi Makamasi, naye hakununa. Mtu anayepita nyumba hadi nyumba akiomba ruhusa ya kuingiza kijiti cha pamba puani mwa watoto wa watu, kisha akakitia kwenye kichupa na kukilaza juu ya barafu kwa heshima zote, ataraji kuitwa nani? Malkia? Alikuwa mtaalamu wa virusi, tena vile vya njia ya hewa, vinavyoingia puani, vikateremka kooni, na vikiukuta mlango wa mapafu uko wazi havibishi hodi. Ofisini kwake alitundika picha kubwa ya kirusi chenye miiba pande zote. Wageni waliisifu wakidhani ni ua.

Mwaka huo alikuwa amekikamia kirusi kimoja. Kwa mtu mzima kilileta mafua ya kupenga na kusahau. Kwa kichanga kiliweza kuziba vijia vya hewa mpaka mtoto ashindwe kunyonya, maana hakuna awezaye kunyonya na kutafuta pumzi kwa wakati mmoja. Chanjo ilikuwepo, ya kumchoma mama angali mjamzito ili mtoto azaliwe na kinga yake. Kilichokosekana ni kibali cha kamati, na kamati ilitaka kwanza kujua mzigo: kirusi hiki kinawaumiza watu kiasi gani huko majumbani, si hospitalini tu. Kuupima mzigo huo ndiyo ilikuwa kazi ya Bibi Makamasi.

Sasa ikawa kizaazaa. Vijiti vya pamba vilisema kirusi kimetapakaa kila mtaa. Simu zilizopigwa kwenye nyumba zilezile zilisema hakuna anayeumwa. Kwa mujibu wa simu, mji mzima ulikuwa mzima, buheri wa afya, wa kupigiwa mfano.

"Binti yangu," mwenyekiti wa kamati alimwambia, akimtazama juu ya miwani. Alikuwa mtu wa takwimu, si wa madawa, na namba mbili zisizopatana zilimkera kama jiwe kiatuni. "Unataka niwachanje watu ugonjwa ambao hawauugui? Alhamisi tunakaa. Ukija na maelezo, sawa. Usipokuja nayo, utafiti tunaufunga, na chanjo tunaisahau."

"Nimekuelewa, mzee," alisema Bibi Makamasi, na moyoni akasema mengine ambayo hayaandikiki.

Akarudi ofisini, akavaa visikilizio, akaanza kusikiliza simu zilizorekodiwa. Zote zilikuwa zimepigwa na karani mmoja, dada wa sauti laini aliyeitwa Asali hata na wakubwa zake.

"Haloo, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hamjambo hapo nyumbani?"

"Hatujambo kabisa." Nyuma ya mama huyo mtu akakohoa kikohozi cha kung'oa mabati.

"Wote wazima?"

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

"Haya mama, ahsante, siku njema."

Na Asali, kwa mwandiko wake mzuri, akaandika: hakuna mgonjwa.

Bibi Makamasi akasikiliza simu ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote mamoja. Akavua visikilizio na kumwita Asali.

"Mbona huulizi swali tuliloliandika?"

"Lipi, dada?"

"Kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba!"

Asali akashika kifua. "Dada! Nimpigie mtu simu asubuhi yote hii, simjui hanijui, nimuulize kama ana mgonjwa? Si nitakuwa nawachulia? Nilijaribu siku ya kwanza. Baba mmoja akaniambia mgonjwa atakuwa kwenu."

"Kwa hiyo ukaamua kuwasalimia?"

"Si ndiyo hiyohiyo? Nimewauliza hamjambo, wakasema hatujambo. Wangekuwa na jambo si wangesema?"

Bibi Makamasi alitaka kufoka, kicheko kikamtangulia. Miezi yote hiyo, vichupa vyote hivyo, barafu yote hiyo, na walichokuwa wakipima ni adabu ya watu! Nani katika dunia hii aliyewahi kuulizwa "hujambo" akajibu vingine? Mtu anaweza kuwa amebebwa kwenye machela, akasalimiwa, akainua kichwa na kusema "sijambo", ndipo azirai.

"Lete simu," akasema. "Nitauliza mwenyewe." Akapiga namba ya kwanza. "Mzee shikamoo, tunatoka kituo cha utafiti. Kuna mgonjwa hapo nyumbani?"

"Hakuna."

"Hata mwenye mafua?"

"Aa, mafua tunayo wote. Si umeuliza mgonjwa?"

"Na hayo mafua, yamefika kifuani?"

"Wala. Vumbi tu hilo."

Nyumba ya pili ilikuwa baridi tu. Ya tatu ilikuwa mabadiliko ya hewa. Ya nne, mama alisema mtoto ameshindwa kunyonya tangu jana lakini si kuumwa, ni deko. Hapo kicheko kikamkauka Bibi Makamasi. Alimsihi mama yule ampeleke mtoto hospitali sasa hivi, akaweka simu chini. Aliogopa. Nyumba kama hiyo zilikuwa ngapi, zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba hazina neno? Na angeulizaje ili aambiwe ukweli, Alhamisi ikiwa imekaribia namna ile?

Jibu alilipata mezani kwake asubuhi iliyofuata, tena bure. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuja kunywa chai macho mekundu, pua imevimba.

"Hujambo, mume wangu?"

"Sijambo."

"Umelalaje?"

Ungedhani amefungulia bomba. "Nimelala? Nani amelala? Nikigeukia huku pua hii inaziba, nikigeukia kule ile inaziba. Saa nane nimekaa kitandani kama bundi. Kifua kinakwaruza, mgongo unauma, na wewe unakoroma tu hapo, mtaalamu wa virusi, virusi vinaniua ubavuni kwako!"

Bibi Makamasi akasimama, akambusu kwenye paji la uso. "Wewe ni mtu wa maana sana," akasema, akakimbilia kazini na kuacha chai inafuka. Mwalimu alibaki ameduwaa, maana dawa hakupewa.

Siku hiyo Asali na wenzake wa ofisini, walioitwa kumsaidia, walizipigia upya nyumba zote. Salamu ziliachwa zipite kwanza kama zilivyozoea, hatujambo na Mungu ashukuriwe, kisha likaja swali: usiku mmelalaje? Lahaula! Simu zilizokuwa za dakika moja zikawa za robo saa. Watu walishitaki vifua, walishitaki mafua ya watoto, walishitaki waume wanaokohoa na kuamsha hata kuku wa jirani. "Dada," Asali alinong'ona akiziba simu kwa kiganja, "huyu amefika kunieleza habari za godoro." Kufikia jioni ya Jumatano namba za simu zilikuwa zimesogea, zikakaa karibu kabisa na namba za vijiti.

Alhamisi Bibi Makamasi akazieleza mbele ya kamati. Wajumbe walicheka pale pa kucheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Kwa hiyo, binti yangu, siku hizi kukosa usingizi nako ni ugonjwa? Basi na mimi niandike. Sijalala juma zima."

"Kwa nini, mzee?"

"Mjukuu. Wa kwanza huyo, hajamaliza hata mwezi. Ukimlaza analia, basi tunapokezana kumpakata wima. Lakini hajambo, mafua tu ya kitoto."

Ukumbi ulikuwa bado unatabasamu. Bibi Makamasi peke yake alikuwa ameacha.

"Mzee, naomba upige simu nyumbani."

"Tuko kikaoni."

"Nakuomba. Tafadhali."

Alipiga, nusu kwa kumridhisha, akaweka sauti ya juu ili wote waone upuuzi wenyewe. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba. Shikamoo," ikajibu sauti ya binti yake.

Mwenyekiti akamtazama Bibi Makamasi, maana yake unaona? Lakini alikuwa mtu wa namba, na namba alikuwa ametoka kuzisikia. "Marahaba. Hebu niambie, mtoto ananyonya?"

"Tangu alfajiri hajashika ziwa, baba. Sikutaka kukusumbua kazini."

"Anapumuaje?" akauliza Bibi Makamasi.

"Haraka haraka. Na mbavu zinabonyea ndani."

Miwani ya mwenyekiti ilibaki mezani. Kikao kilivunjika bila kufungwa. Bibi Makamasi aliendesha gari mwenyewe, kwa sababu mzee yule hakuweza kutia ufunguo mahali pake, na njia nzima alikuwa akirudia neno moja tu: "Nimempakata kwa mikono yangu. Kwa mikono yangu hii." Hospitalini mtoto alipokelewa mlangoni, akawekewa oksijeni, na watu wazima wakaambiwa wakae nje wasubiri.

Asubuhi ya pili simu ililia mezani kwa Bibi Makamasi. Alikuwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Hujambo?"



"Nina jambo, binti yangu," akasema. "Kamati inakaa tena saa nne, njoo na namba zako zote, wajawazito wachanjwe. Na mtoto, mtoto amenyonya."