Mwenye Mtandao

Cheo alichopewa kilikuja na keki. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vigae, na kazi ya wote waliokuwamo ilikuwa moja: kuwabembeleza wenye maduka na hoteli walipie matangazo kwenye mtandao wa kampuni. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufuta hata picha ya paka. Lakini serikali ilikuwa imepitisha sheria mpya. Kila kampuni ya mtandao iwe na mtu wake humu nchini, mwenye jina na sura, atakayejibu mahakamani kwa uwongo wa watumiaji usipoondolewa haraka. Mabosi wa ng'ambo wakaisoma sheria, wakatafuta shingo ya kuvisha kitanzi, wakaiona ya mwanamke aliyekuwa akiuza matangazo mengi kuliko wenzake. Wakamwita Mwakilishi Mkazi. Mwenyewe akadhani amepanda ngazi.

Nyumbani ndiyo usiseme. Mama yake alitangaza habari hiyo mpaka kwa watu wasiojua mtandao ni nini. Mdogo wake, kinyozi, alibandika picha yake juu ya kioo cha kinyozini, na kila mteja aliyekaa kunyolewa aliambiwa, "Dada'angu huyo. Mwenye mtandao." Yeye alikuwa akicheka na kumwambia aache ushamba, ila hakumwambia aibandue. Nani hapendi kusifiwa?

Kisha ikaja ile picha ya lori la maji. Mtu asiyejulikana aliweka picha ya dereva akimimina unga mweupe ndani ya tangi, akaandika kwamba ni sumu, kwamba ametumwa kuua watoto wa mtaa mzima. Unga ule ulikuwa dawa ya kusafishia maji, na dereva alikuwa akiimimina kila asubuhi kama alivyoelekezwa na mwajiri wake. Lakini nani angesubiri maelezo? Picha ilikuwa na uso wake, ilikuwa na namba ya lori.

Mwakilishi aliiona kabla ya chakula cha mchana. Akafanya kile tu alichoweza kufanya, nacho ndicho anachoweza mtumiaji yeyote: alibonyeza kitufe cha kulalamika. Maana ofisi ya mauzo haikuwa na njia yake, ombi lake liliingia kwenye foleni ileile ya kila mtu. Jibu likarudi limejaa adabu: "Chapisho hili halijakiuka vigezo vyetu. Asante kwa kutusaidia kuilinda jamii yetu." Akalalamika tena. Akampigia bosi wake wa ng'ambo, na bosi akamwambia kwa sauti ya upole kwamba watu wa mauzo hawaingilii mambo ya maudhui, ndio utaratibu. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kuonana na mteja mwenye duka la magodoro. Alipotoka huko, dereva alikuwa ameshauawa kwa mawe kando ya lori lake. Kesho yake kampuni ikaiondoa ile picha, ikatoa na salamu za pole.

Polisi wawili waliovaa kiraia walipoingia ofisini na kuuliza Mwakilishi Mkazi ni nani, wenzake wote waligeuza macho kwenye meza yake. Wale waliokula naye keki.

Kampuni ilimletea wakili, kijana mtanashati anayenukia vizuri, ambaye hakukaa kwenye kiti cha mahabusu mpaka alipokifuta kwa kitambaa.

"Niliwaambia waitoe," Mwakilishi alimwambia. "Mara mbili. Na simu nikapiga. Yote yamo kwenye akaunti yangu ya kazi."

"Akaunti yako imefungwa kwa muda. Ni taratibu za usalama tu."

"Basi waifungue, hakimu aone!"

Wakili akashusha pumzi. "Dada yangu, hebu fikiri. Ukisema uliwaambia, maana yake kampuni ilijua. Ikijua, ina hatia. Wewe nyamaza, sema hukuiona. Sisi tutakutoa."

"Nikisema sikuiona si nimekubali uzembe?"

"Uzembe una nafuu," alisema wakili, akatazama saa yake. Hapo ndipo Mwakilishi alipoelewa kwamba wakili ni wa kampuni na kifungo ni chake.

Siku ya kwanza mahakamani, mjane wa dereva alimsogelea pale kwenye ukumbi wa kusubiria, na askari hawakumzuia. Alikuwa mwanamke wa umri wake, amevaa kanga za msiba. Mwakilishi alijiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Mjane akamtazama tu, kisha akasema, "Mimi sijasoma, mwenzangu. Nieleze. Ulikuwa na cheo chote hicho, ukashindwa kuzima kitu kimoja?"

Mwakilishi alitamani kumweleza habari za foleni na vigezo na watu wa maudhui. Kila neno alilolitafuta lilimwonea aibu mama yule. "Nisamehe," alisema, na alimaanisha, ingawa hakujua anaomba msamaha wa kosa la nani.

Kinyozi alikuja kumwona siku iliyofuata. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, hawa wamekutosa. Nimewauliza kwa simu, wananiambia wanafuatilia kwa karibu. Kwa karibu wapi, na wako huko ng'ambo?"

"Vumilia. Keshokutwa inasikilizwa dhamana."

"Watu wakichachamaa ndipo watakuachia. Nchi hii haisikii mpaka ipigiwe kelele."

"Usithubutu kuandika kitu. Unanisikia? Usithubutu."

"We tulia, Dada. Niachie mimi."

Hakutulia, lakini akiwa ndani angemzuiaje? Jioni hiyohiyo, kwa jina la kubuni, mdogo wake aliweka picha ya dada yake ya siku ile ya keki, akaandika: "Mwakilishi amefia mahabusu. Wamempiga hadi kufa ili asitaje wakubwa." Kumbe uchungu wa ndugu una mbio kuliko moto wa nyasi. Kulipokucha, umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi ukirusha mawe. Askari mmoja alipasuliwa kichwa akalazwa. Mama yao alizimia akamwagiwa maji, maana kinyozi alisahau kumwambia kwamba ni uwongo. Na lile chapisho halikuondolewa. Sheria ilisema maombi ya nchi hii yapitie kwa Mwakilishi Mkazi, na Mwakilishi Mkazi alikuwa amefungiwa.

Siku ya dhamana, mwendesha mashtaka alisimama akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, tunaomba kuongeza shitaka la pili. Mshitakiwa, akiwa mwakilishi, ameshindwa kuondoa taarifa ya uwongo kwamba yeye mwenyewe amekufa."

Watu walicheka mpaka karani akagonga meza. Mwakilishi, aliyekuwa kizimbani akipumua, hakucheka.

"Alikuwa mahabusu," alisema wakili kwa unyonge.

"Sheria haisemi mwakilishi awe wapi," akajibu mwendesha mashtaka, na hakimu, baada ya kupekua kurasa, akakubali kwamba kweli haisemi.

"Ila sheria ina mlango mmoja," hakimu aliendelea, safari hii kwa upole. "Ukimtaja mwandishi, shitaka hili linakutoka, linamhamia yeye. Na dhamana ninaweza kukupa leo. Adhabu yake, kwa kuwa askari ameumia, si ndogo. Unamjua aliyeandika?"

Mwakilishi alitazama benchi la nyuma. Mama yake alikuwa ameketi amejikunyata, amemshika kinyozi mkono kwa mikono yake yote miwili, hajui lolote. Kinyozi alikuwa ameinama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya utotoni akivunja chombo na dada yake akasingiziwa.

Alimkasirikia mno. Alitaka kumwita kwa sauti, mbele ya wote, mpumbavu mkubwa wee.

"Simjui, mheshimiwa," alisema.

Hakimu akaandika. Tangu alipokamatwa, Mwakilishi alikuwa akisema kweli, na kila aliyemwambia alitaka ushahidi. Neno hili lilipokewa hivihivi, na askari akaja kumrudisha ndani.