Nyongeza ya Shangazi

Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa umejaa hadi madirishani, na mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Beldina. Mpwa wake Triza, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa ulingoni akigombea nafasi katika timu ya taifa ya ndondi dhidi ya Waruguru, msichana wa mtaa wa Huruma. Beldina alikuwa amefunga kibanda chake cha dawa za miti shamba kule soko la Muthurwa, akavaa gauni la kanisani, na sasa amesimama juu ya benchi bila kujali walio nyuma wanaona nini.

"Mpige mbavu, mama! Mbavu!"

Angetuliaje? Jana tu mambo yalikuwa karibu kuharibika. Mizani ilimwonyesha Triza amezidi kilo nzima, na bondia aliyezidi uzito hapandi ulingoni, hubaki kutazama tu. Akaja kibandani mbio, pumzi juu juu. "Anti, nimeisha. Si unipee ile dawa yako ya kusafisha tumbo?"

Sasa Beldina ni mtu wa soko. Muthurwa, mteja wa kupita hupimiwa kikamilifu na kwaheri, lakini wa nyumbani lazima apate nyongeza; kumnyima ni kumtukana. Akampimia vijiko viwili vya ule unga wa kahawia, kisha kwa mapenzi matupu akatia cha tatu. Wala hakujiuliza kama dawa ya kuendesha tumbo ni kitu cha kuongezewa mtu, kana kwamba ni sukuma wiki. Triza akakesha chooni. Asubuhi mizani ikakubali, na wawili hao wakakumbatiana wakarukaruka kama watoto.

Kuna jambo Beldina alilimeza, hakumwambia mtu. Wiki hiyo hiyo polisi walikuwa wamewakamata wauzaji wenzake wawili, kwa sababu mama mmoja wa Huruma alikunywa unga kama ule na figo zikagoma. Beldina alijiambia kwamba wa kwake ni tofauti. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Raundi ya kwanza Triza alicheza hadi ukumbi ukatetemeka. Ya pili akaanza kuburuta mguu. Ya tatu Waruguru alikuwa bado anamzunguka, hajarusha hata ngumi moja, Triza alipokunjamana akaanguka chini.

Daktari wa pambano, Fadumo, akapanda ulingoni na kumshika kifundo cha mkono. Uso wake ukabadilika. "Moyo unaruka mapigo," alisema. "Triza, umekunywa nini?"

Triza akageuza macho taratibu. Alimtazama shangazi yake, kisha konstebo Githinji aliyekuwa akilinda mlango. "Uji tu," akajibu.

Beldina akaelewa, na kuelewa huko kulimchoma. Mtoto yule, moyo ukimsaliti, alikuwa anamlinda yeye.

"Nikimtibu kwa kubahatisha naweza kumuua," daktari aliwaambia wasaidizi wa kona ya Triza. "Nani anajua?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliyeficha hakuwa anaficha ya kwake. Beldina alishuka kwenye benchi, akasukuma watu, akafika kwenye kamba za ulingo. "Daktari, anadanganya. Nilimpa dawa ya kuendesha. Vijiko vitatu."

"Ina nini ndani?"

"Sijui. Naletewa kwa gunia, nafungasha tu." Aliona aibu kulisema hilo kuliko yote mengine.

"Basi amepoteza maji na chumvi za mwili. Leteni machela, haraka!" Fadumo alikuwa tayari anatafuta mshipa. Triza akapitishwa juu ya vichwa vya watu. Beldina alipotaka kumfuata, mkono wa Githinji ulimshika begani, kwa upole. "Mama, wewe utaenda na mimi."

Huko seli hakuna aliyejua habari za Triza. Beldina aliuliza kila askari aliyepita hadi wakamchoka. Akamgeukia Mungu, si kwa kumbembeleza bali kwa kupatana naye kama mtu wa soko: mtoto asimame kwa miguu yake, na mimi nitabeba makosa yangu yote.

Jumatatu wakili Kweyu alimnong'oneza mlangoni pa mahakama. "Wewe sema si kweli. Msichana amekataa kukutaja, na yale uliyosema kwenye vurugu za ukumbini tutajua jinsi ya kuyaeleza. Unaweza kwenda nyumbani leo."

"Kwani yuko hai?"

"Mimi nilisoma tu karatasi, mama."

Karani akaanza kusoma mashtaka: kuuza dawa isiyosajiliwa, kuhatarisha maisha ya mtu. Beldina hakusikia hata nusu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa, na Triza alikuwa anaingia, amekonda, kavaa ndara za hospitali, hakushikiliwa na mtu yeyote. Alipomwona shangazi yake kizimbani alitikisa kichwa kwa nguvu, midomo ikisema bila sauti: kataa, anti, kataa.

Furaha ilimpanda Beldina kwa ghafla hata akacheka mbele ya hakimu.

"Mshtakiwa, kuna kinachokuchekesha? Mashtaka ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Yote ni kweli."

Kweyu akajishika kichwa. Beldina hata hakumwona. Alikuwa anamtazama mtoto akitembea, hatua kwa hatua, hadi benchi la mbele.