Mwandishi Hakusema

Mwalimu Kissa aliletwa Gendabi kutoka Tukuyu kufundisha Kiingereza, na kwa miaka mitatu hakuwahi kupata mwanafunzi wa kumkera kama Verediana wa kidato cha nne. Si kwamba alikuwa mzito. Sarufi aliipata yote. Lakini kila habari ya ufahamu ilipouliza jambo lisiloandikwa wazi, la kukisia kutokana na maelezo, binti aliandika jibu lile lile: mwandishi hakusema. Sifuri juu ya sifuri. Kwa mwendo huo Kiingereza kingemwangusha, na chuo cha uuguzi alichokitamani angebaki kukisikia redioni tu.

Kissa alimwita ofisini akiwa amekasirika kweli. Verediana akaamkia, akasimama.

"Mama wa kwenye habari kafunga mlango kwa kishindo, kakataa chakula. Ana hali gani?"

"Sijui, mwalimu. Labda ni upepo. Labda tumbo linamuuma."

"Unajua kabisa ana hasira."

Verediana akainamisha kichwa. "Nyumbani tumekatazwa kumsemea mtu jambo tusilo na hakika nalo."

Ndipo akaeleza. Mwaka juzi mahindi yao yaliliwa shambani. Baba yake, mzee Tluway, aliona alama za kwato, akaenda moja kwa moja kwa jirani yao mfugaji, mzee Gidahosh, akamshutumu mbele ya wageni wake. Kumbe mlaji alikuwa dume la ng'ombe la shemeji ya baba mwenyewe. Ikabidi baba arudi kuomba radhi, mtu mzima yule, akiswaga kondoo wa kusawazisha kosa lake.

Hasira zikamwisha Kissa. Akamvutia kiti.

"Kosa la baba lilikuwa kuona kwato?"

Verediana akafikiri. "Hapana. Ni kusema kama aliyeona ng'ombe wenyewe."

"Angesemaje?"

"Angesema, mzee mwenzangu, nadhani ni ng'ombe wako, kwa sababu nimeona kwato zimeelekea huku."

"Basi mtihani hautaki zaidi ya hapo. Sema unadhani, halafu onyesha kwato."

Mtihani wa majaribio ulipofanyika, Kissa alianza kusahihisha karatasi ya Verediana. Majibu yote matano ya kukisia yalikuwa sahihi, kila moja na sababu yake. Chini ya kila moja binti aliongeza, kwa Kiingereza kilichonyooka: kama nimekosea, naomba mhusika anisamehe. Kissa alicheka mpaka mwalimu wa hesabu akageuka. Akampa alama zote, kisha akamwita.

"Kwenye mtihani wa taifa usiombe radhi. Utajimalizia muda bure."

"Sawa, mwalimu," alisema Verediana. "Nitawaomba radhi kimoyomoyo."