Sheria ya Mfereji wa Maore

Hedwiga aliteremka kutoka milima ya Gonja, Upareni, mwaka kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa Maore. Alikuja na jembe, chungu na watoto wawili. Mumewe alikuwa amefariki, na kule juu alikuwa akilima kipande cha shemeji zake, ambao kila msimu walimkumbusha kwamba ni cha kuazima. Huku bondeni alipewa jaruba lake mwenyewe la mpunga. Asubuhi ya kwanza alipoona maji yakiingia, alivua viatu akasimama katikati ya tope, akicheka peke yake.

Jirani yake Ziada, aliyetoka Kigoma kumfuata mume aliyekuwa akikata mkonge, alimwona akadhani ana kichaa. Akasogea kumtazama vizuri. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Hedwiga alikuwa amekulia kwenye mifereji ya milimani, kwa hiyo haikuchukua muda wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wa mfereji. Kazi yake ilikuwa kugawa maji na kupiga pembe ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka kuzibua mfereji. Sheria ilikuwa moja, ya zamani kuliko kijiji chenyewe: anayetumia maji huja na jembe. Asiyekuja, mlango wake wa maji hufungwa mpaka atakapokuja kufanya kazi na wenzake.

Juu ya kijiji, kando ya mfereji huohuo, kampuni moja ya mafuta ilikuwa na matangi ya dizeli ya kuhudumia malori na mashamba ya mkonge. Masika ya mwaka ule, miche ya mpunga ilianza kunyauka kitaluni. Maji yakawa na utando unaometameta. Chai ikanuka dizeli, na vyura wakanyamaza.

Hedwiga na wanawake wenzake walipanda wakiufuata mfereji. Upande wa juu wa matangi maji yalikuwa safi kabisa. Chini yake kidogo, udongo wa ukingoni ulikuwa mweusi na ukibanwa mkononi ulitoa mafuta. Wakamwita msimamizi wa kituo, kijana mpole aliyeitwa Novatus. Kwanza alisema labda ni trekta la kijiji. Hedwiga hakubishana naye, alimchukua tu akamtembeza njia ileile. Waliporudi, Novatus hakutaja tena trekta. Akaahidi kupeleka habari makao makuu Dar es Salaam.

Majuma yakapita, jibu halikuja, na miche ikafa yote. Vijana wakataka kwenda kuvunja mabomba. Hedwiga akawakataza, akiwaambia kwamba dizeli ile ikimwagika yote watakuwa wamejilisha sumu kwa mikono yao wenyewe. Lakini aliporudi nyumbani aliketi mlangoni akitazama jaruba lake lililobaki tupu, na kwa mara ya kwanza tangu ateremke alijiuliza kama angebaki.

Ziada ndiye aliyemzindua. Walikuwa wakifua kisimani wakati alipouliza, kama mtu anayejisemea, "Na wale wa matangi, maji yao wanayatoa wapi?"

Hedwiga akaiacha nguo kwenye beseni. Wanayatoa mfereji uleule. Kituo kilikuwa na mlango wake wa maji, na hakuna aliyewahi kuwaona wakija na jembe.

Kesho yake akampelekea Novatus taarifa kwa adabu, kama alivyompelekea kila mtumiaji wa maji: msaragambo ni Jumamosi. Jumamosi pembe ikalia, kijiji kikatoka, kituo hakikutoka. Jioni wanawake wakaenda na mawe, majani ya migomba na udongo, wakauziba mlango ule kama wanavyoziba wa mtu yeyote, wakiimba.

Kampuni ilikuwa na sheria yake pia: mafuta hayapakuliwi ikiwa tangi la maji ya kuzimia moto ni tupu. Tangi lilikauka upesi, malori yakapanga foleni barabarani. Wanawake wakawapelekea madereva uji, na madereva walipoelezwa kisa chenyewe wakaanza kukisimulia kila walikopita.

Habari ikafika wilayani. Ofisa mmoja akaja kutoka Same akiwa amekasirika, akauliza mbele ya watu ni nani aliyetoa amri ya kuizuia kampuni.

Hedwiga akasimama. "Ndugu Ofisa, hatukuizuia kampuni. Mfereji huu haumjui mkubwa wala mdogo. Unamjua aliyekuja na jembe na asiyekuja."

Ofisa akaomba aonyeshwe. Akatembezwa kutoka maji safi hadi maji machafu, akainama akanusa udongo. Aliporudi alikaa ofisini kwa Novatus na kuiamuru kampuni imtume mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Akaja injinia Amiri kutoka Dar es Salaam. Alichimba chini ya matangi ya dizeli akakuta moja limetoboka kitako, na tumpe haki yake, hakuficha. Mbele ya mkutano wa kijiji akakubali kwamba kosa ni la kampuni. Akaahidi kwamba watabadilisha tangi, wajenge ukuta wa zege kulizunguka, wazoe udongo wote ulioharibika, walete miche mipya kutoka Ndungu, na kukilisha kijiji mpaka mavuno. Watu wakapiga makofi. Hedwiga akangoja makofi yaishe.

"Bado jembe," akasema.

Amiri akamtazama Novatus, Novatus akatazama chini akijizuia kucheka. "Tutakuja," Amiri akasema.

Walikuja kweli, wafanyakazi wote wa kituo, na Amiri amekunja suruali yake ya ofisini mpaka magotini. Wakachimba tope jeusi wakalipakia kwenye malori ya kampuni. Mume wa Ziada akaanzisha wimbo wa kwao Kigoma, Wapare wakauitikia kwa maneno waliyoyabuni papo hapo, na katika maneno hayo injinia alitajwa zaidi ya mara moja. Novatus aliimba kuliko wote. Mlango mkuu wa mfereji, uliofungwa wakati wa kazi, ulipofunguliwa maji yakateremka meupe, watoto wakayakimbilia wakishindana nayo hadi majarubani.

Siku ya kupanda, Amiri akaomba apande mstari mmoja katika jaruba la Hedwiga. Ziada akauangalia mstari ule uliopinda kama njia ya ng'ombe, akamwambia kwa upole kwamba kujenga ukuta anajua. Hedwiga hakukubali ung'olewe. Ulikua, ukazaa pamoja na mingine.

Mavuno yalipofika, mama yake Hedwiga aliteremka kutoka Gonja akiwa na mkongojo wake. Akala wali wa binti yake na maharage, akaomba aongezewe, kisha akauliza kama hapa Maore bado wanagawa majaruba.