Fundi wa Picha wa Kikosi cha Vipanga

Ukimuuliza Suhaila, mzaliwa wa Tanga na mwalimu wa historia katika chuo kimoja cha Toronto, ilikuwaje akaandika kitabu juu ya wanajeshi wa Kizungu, atakwambia ni ubishi wake mwenyewe. Alikwenda kwenye mkutano wa wazee waliopigana vita vya Hitler, akamsikia mmoja akilalama kwamba kikosi chao hakitaandikwa kamwe, kwa sababu hakikuua mtu.

"Basi nitakiandika mimi," akasema, kabla hajafikiri.

Kikosi hicho kilijiita Vipanga. Ndege zake hazikuwa na bunduki hata moja. Mahali pa kuwekea risasi waliongeza mafuta, na tumboni wakafunga kamera kubwa. Rubani alipanda peke yake juu ya mawingu, akapiga picha za bandari na reli za adui, kisha akarudi mbio. Kazi yake ilikuwa kuona na kufika nyumbani salama.

Yule mzee mlalamikaji aliitwa Wilfred Cragg. Mwaka 2012 alikuwa na miaka tisini na moja, anaishi peke yake katika fleti huko Scarborough. Wakati wa vita alikuwa fundi: ndiye aliyepakia filamu kwenye kamera, na ndege ikitua, ndiye aliyekimbia nazo kwenda kuzisafisha. Kila Jumamosi Suhaila alitoka kwake, mtaa wa Malvern, kwenda kumsikiliza. Mzee alikuwa na maneno matamu. Alieleza mashamba ya Uholanzi yanavyoonekana kutoka juu mpaka Suhaila akahisi anayaona.

"Hebu niambie, mzee," alimuuliza siku moja, "kule juu baridi ilikuwaje?"

"Nitajuaje? Sijapanda ndege maisha yangu."

Suhaila alicheka, akidhani ni mzaha. Mzee hakucheka.

"Ndege zetu zilikuwa na kiti kimoja," alieleza. "Rubani wangu, Dennis, aliniahidi kwamba vita vikiisha atatafuta yenye viti viwili anipandishe. Tukakaribia amani, akaruka asubuhi moja, hakurudi. Mimi nikarudi Canada kwa meli. Hata Vancouver huwa nakwenda kwa treni. Safari ya kwanza ilikuwa iwe ya sisi wawili. Peke yangu naenda wapi?"

Suhaila alimmiminia chai, wakazungumza mengine.

Kitabu kilipokaribia kwisha, kikakosa picha ya jalada. Suhaila alitaka mji wa Toronto, uliopigwa picha kutoka angani, kamera ikitazama chini, kama Vipanga walivyopiga zamani. Akamwendea Alnasir, kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa akifundisha urubani kwenye uwanja mdogo karibu na Richmond Hill.

"Dada Suhaila, wewe hata roshani unaiogopa," Alnasir alimwambia.

"Rusha ndege. Kuogopa niachie mimi."

Wakaruka. Suhaila akabofya kamera huku amefumba jicho moja, na saa nyingine yote mawili. Jumamosi iliyofuata akampelekea Mzee Wilfred matunda ya kazi yake. Mzee alivaa miwani, akainama juu ya meza.

"Hii ni nini?"

"Malvern."

"Mimi naona bawa. Na hii?"

"Ziwa."

"Hiki ni kidole chako, binti." Alizipitia zote, uso ukizidi kumwiva. "Kitabu cha Vipanga, halafu jalada liwe uchafu huu? Dennis angeniletea picha kama hizi, ningemrudisha angani bila chai!" Akasimama, akaizunguka meza, akasimama tena. "Huyo rubani wako ana nafasi lini?"

Mpaka leo Suhaila anaapa kwamba hakukusudia kuziharibu picha zile. Alnasir haamini.

Walimpandisha mzee asubuhi moja ya Septemba, anga safi bila wingu. Kiti cha mbele wakampa yeye, Suhaila akakaa nyuma. Injini iliponguruma, mzee alifumba macho na kung'ang'ania kiti kwa mikono miwili. Ndege ikaacha ardhi, ikapanda, ikatulia.

"Mzee," Suhaila alimwita, "Malvern hiyo, chini yako."

Akafumbua. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akatazama chini. Paa za nyumba zilijipanga chini, kila moja na kivuli chake, na Mto Rouge ukipinda kati ya miti ambayo majani yake yalianza kuwa mekundu.

"Dennis," mzee alisema taratibu, machozi yakimtiririka, "kumbe hata nusu hukunisimulia."

Kisha akajifuta kwa kiganja, akafungua kidirisha, akaishika kamera, na jeshi likamrudia mwilini.

"Kijana, nyoosha hilo bawa! Usitikisike! Geuka, tupite tena, jua limetukosea!"

"Ndiyo, afande!" Alnasir aliitikia, akageuka. Wakapita tena, na tena. Kule nyuma Suhaila alikuwa ameinamia mfuko wa karatasi, akimwomba Mungu amteremshe salama, huku akicheka.

Walipotua, mama yake Alnasir, Bi Zebunissa, alikuwa amewapikia pilau nyumbani. Mzee alikula, akaongezewa. Akiwa ameshiba, akawasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema: Dennis aliwahi kutumia filamu ya jeshi kupiga picha paa la duka la mikate, kwa kuwa binti wa mwokaji aliishi chini yake. Wakubwa wakauliza lile jengo ni ngome gani ya adui. Wilfred akawajibu kwa uso mkavu kwamba lazima kamera ilijibofya yenyewe.

"Na yule binti?" Bi Zebunissa aliuliza, kijiko mkononi.

"Alipoonyeshwa picha, alisema paa lao linavuja, na mshenga gani huyu anayekuja kwa juu!"

Bi Zebunissa alicheka hadi akaketi.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, na Dennis akapewa sura yake. Jalada lilikuwa picha ya Mzee Wilfred: Malvern yote, wazi, kila kivuli mahali pake. Suhaila alimpelekea nakala ya kwanza, akasubiri shukrani.

Mzee aliigeuza, akaisogeza dirishani.

"Nzuri," alisema. "Lakini wamekata ukingo wa kushoto. Mpigie Alnasir, turudie."